Bega la Fundi Cherehani

*Daktari, mimi ni fundi cherehani. Tangu msimu wa sare za shule uanze, shingo na bega la kulia vinawaka moto, na nikibonyeza nakuta fundo gumu. Nimechuliwa, nimepaka dawa za kila aina, lakini unafuu haumalizi siku. Je, ni mshipa umekaa vibaya? – Mama wa Sare, Morogoro*

Mwanangu, mshipa wa watu hauna kosa. Kinacholalamika ni msuli uitwao trapezi, nao ni mkubwa kuliko wengi wanavyodhani. Papasa kisogoni, kwenye kile kinundu cha mfupa: unaanzia hapo. Unafuata uti wa mgongo hadi pingili ya 12 ya kifua, huko chini mbavu zinakoishia, kisha unatanda pembeni na kushika mtulinga na ule ukingo wa mfupa unaojitokeza kwenye bapa la bega. Kila upande una wake. Yote miwili ikiungana, inatanda mgongoni kama kishada.

Nyuzi za juu huinua bega, za kati huvuta mabapa yakaribiane, za chini huyashusha. Ukinyoosha mkono kuchukua kitambaa rafuni, za juu na za chini hushirikiana kulizungusha bapa. Sasa wewe unainamia sindano kutwa, kichwa mbele, mabega yamepanda. Za juu zinabeba mzigo wote, za chini zimestarehe. Na wachuaji nao huishia hukohuko juu!

Kama meza inakusukumia mabega masikioni, ongeza kimo cha kiti. Ukimaliza sketi, simama ujinyooshe. Jioni lala kifudifudi mkekani, tanua mikono mbele kama herufi Y, vidole gumba vikitazama juu, uiinue kidogo, taratibu. Mara 10 zinatosha kuanzia. Kazi uisikie katikati ya mgongo. Ukiisikia shingoni, punguza. Kuchua endelea, kunatuliza, ila asikunyonge mtu shingo mpaka ilie.

Ukiona ganzi vidoleni, mkono unaishiwa nguvu, au maumivu yamekuja na homa, nenda hospitali. Vilevile bega likilegea na mkono ukagoma kupanda, hasa kama uliwahi kupasuliwa tezi ubavuni mwa shingo: neva inayoendesha msuli huu hupita pale karibu kabisa na ngozi, na huweza kujeruhiwa. Upasuaji huo mtajie daktari mapema, hata kama ni wa zamani.