Mafuta ya Karafuu: Asili Yake, Manufaa Yake na Dhamana ya Mwenye Kuyatoa

Baada ya kumshukuru Mwenyezi Mungu, na kumsalia Mtume Muhammad (S.A.W.) na jamaa zake na sahaba zake:

Kupenda harufu njema ni katika mwendo wa Mtume (S.A.W.). Imepokewa kwa Anas bin Malik ya kwamba Mtume alikuwa harudishi manukato atunukiwapo. Na kwa siku ya Ijumaa ameusia mtu aoge, apige mswaki, na ajipake manukato ayapatayo. Kwa hiyo nyumba nyingi za pwani hazikosi chupa ya halwaridi, au ya udi, au ya karafuu. Walakini chupa hizi si namna moja. Mafuta ya karafuu ni manukato na dawa pamoja, na dawa yataka ilimu. Wengi huyajua manufaa yake wasijue kadiri yake. Na aliye khatarini zaidi kwa ujinga huo ni mtoto mdogo.

ASILI YAKE

Mafuta ya mimea ni namna mbili. Namna ya kwanza ni mafuta mazito, kama ya nazi na ya ufuta. Hukamuliwa, nayo huliwa. Namna ya pili ni mafuta yarukayo hewani, ndiyo yenye harufu. Hayo hutolewa kwa mvuke: mmea hutiwa chomboni na maji, ukapashwa moto, mvuke ukapanda pamoja na mafuta, ukapozwa, ukarudi kuwa maji, kisha mafuta yakajitenga. Ndivyo yatolewavyo ya mlangilangi huko Komoro. Katika kazi hii Waislamu wana sehemu kubwa, kwani kitabu cha kutonesha manukato hunasibishwa na Al-Kindi, mwana wa hekima wa karne ya 3 ya Hijra.

Asili ya mkarafuu ni visiwa vya Maluku, mashariki ya mbali. Uliletwa Unguja mwanzo wa karne ya 19, na Sayyid Said bin Sultan akahimiza upandwe kwa wingi. Mwaka 1872 tufani kuu iliangusha mikarafuu mingi ya Unguja, na tangu hapo Pemba ikawa ndiyo yenye mashamba makubwa. Katika ratili 100 za karafuu kavu hutoka mafuta kiasi cha ratili 15 hata 20. Katika makonyo hutoka kiasi cha 5 au 6 tu.

MANUFAA YAKE

Nguvu ya mafuta haya yatokana na kitu kiitwacho yujenoli, nacho ndicho sehemu yake kubwa. Kitu hiki hufisha ganzi na kuua vijidudu. Madaktari wa meno hukichanganya na unga wa zinki wakazibia jino kwa muda. Mtu mzima aliyeshikwa na jino usiku aweza kutia tone 1 katika pamba, akaigusisha jino lenyewe, asiipake ufizi, kisha akatema. Maumivu yatapungua, lakini tundu la jino halikupona. Yampasa kwenda kwa daktari.

Kwa kuchua mwili, tone 1 latosha katika vijiko 2 vidogo vya mafuta ya nazi. Yakipakwa matupu huunguza ngozi.

KHATARI YAKE

Mtu aweza kusema: karafuu hutiwa katika pilau na chai, basi mafuta yake yatadhuru nini? Jawabu ni kwamba punje chache katika sufuria si sawa na mafuta ya punje nyingi yaliyokusanywa katika kijiko kimoja. Madaktari wameandika khabari za watoto wadogo waliokunywa kiasi cha kijiko 1 au 2 vidogo, wakapotewa na fahamu, wakashikwa na kifafa, na maini yao yakaharibika. Kwa hiyo asinyweshwe mtoto kwa ajili ya tumbo, wala asipakwe ufizi aotapo meno. Akiyanywa kwa bahati mbaya, asitapishwe. Apelekwe hospitali mara moja, na chupa ichukuliwe pamoja naye. Na mtu mzima atumiaye dawa za kuzuia damu kuganda asiyanywe.

DHAMANA NA UAMINIFU

Imepokewa kwa Mtume (S.A.W.) ya kwamba mwenye kuwatibu watu na hali hajulikani kwa utabibu, yeye ndiye dhamini wa madhara yatokeayo. Basi mwenye kumpa jirani chupa na kumwambia, "Mnyweshe mwanao," ajue amejitwika nini. Nia njema haimwondolei dhamana.

Na muuzaji naye ana dhamana yake. Mtume (S.A.W.) alitia mkono katika lundo la chakula sokoni, akakuta chini kumerowa, akamkanya mwenyewe kwa kughushi. Ghishi ya mafuta ya karafuu ni kuchanganywa na mafuta mazito. Tone likitiwa katika maji, mafuta safi huzama. Mafuta ya nazi huelea. Na likitiwa katika karatasi, safi hukauka hatimaye. Mazito huacha doa la kudumu.

MASUALA

Suali: Yawekwe wapi?
Jawabu: Katika chupa nyeusi ya kioo, yenye jina lake, mahali pa juu pasipofikiwa na mtoto.

Suali: Mwenye kufunga akiumwa na jino, ayatumie?
Jawabu: Kugusisha jino peke yake hakufunguzi, lakini akimeza, ijapokuwa mate yaliyogeuka ladha, saumu yake imebatilika. Iliyo salama ni kungoja usiku, illa akizidiwa.

Suali: Nani aulizwe kabla ya kumpa mgonjwa?
Jawabu: Tabibu ajulikanaye kwa kazi yake.

Mwenyezi Mungu awape Waislamu ilimu yenye manufaa, na awahifadhi watoto wao. Amin.