Mtoto Amepasuliwa Kifua: Asiachwe Amelala Tu

Kijitabu kwa wazazi na walezi wa wilaya ya Mutshatsha

Mtoto akitoka chumba cha upasuaji, nkambo humfunika, mama huwafukuza watoto wenzake wasimsumbue, na ndugu wanaokuja kumwona humkuta amelala chali tangu asubuhi. Ni huruma, lakini ndiyo inayomchelewesha kupona. Kifua kilichopasuliwa huuma kwa kila pumzi, kwa hiyo mtoto hupumua juujuu na hukizuia kikohozi. Sehemu ya chini ya mapafu haijai hewa, makohozi hubaki humo, na siku chache baadaye nimonia huingia. Bega la upande wa kidonda nalo hukaza, na mgongo huanza kupinda kuelekea upande huo kwa sababu mtoto anaukinga.

Sababu za kupasuliwa ni nyingi: nimonia iliyocheleweshwa mpaka usaha ukajaa kati ya pafu na mbavu, ajali ya pikipiki, kuangukiwa na udongo machimboni, uvimbe wa mbavu, kifua kilichobonyea tangu kuzaliwa. Mazoezi yaliyo hapa chini yanafaa kwa karibu wote, ila daktari aliyempasua ndiye mwenye neno la mwisho.

Maumivu kwanza

Mtoto anayeumia hatafanya zoezi lolote, na kumgombeza ni kazi bure. Mpe dawa aliyoandikiwa nusu saa kabla ya kuanza. Kama ni parasetamoli, kipimo ni miligramu 15 kwa kila kilo ya uzito wake, si zaidi ya mara 4 kwa siku.

Kupumua na kukohoa

Siku ileile ya upasuaji au kesho yake, daktari akikubali, mketishe. Kukaa wima tu kunayafungua mapafu zaidi kuliko kulala. Kunja kitenge mara kadhaa kiwe kama mto mdogo, mpe akikumbatie juu ya kidonda, kisha akohoe kwa nguvu huku anakibana. Kidonda hakitapasuka, hofu hiyo tunaisikia kila mara.

Kwa mtoto wa miaka minne na zaidi, chukua chupa safi, tia maji yaliyochemshwa na kupoa mpaka kina cha sentimita 10 hivi, tumbukiza mrija mpaka karibu na chini, umwambie apulize polepole mapovu yatoke. Apulize mara 10, apumzike, akohoe, kisha arudie kila saa anapokuwa macho. Apulize tu, asivute maji. Badilisha maji kila siku, na chupa hiyo asiitumie mwingine. Mdogo zaidi apulize povu la sabuni hewani, atacheza bila kujua kuwa anatibiwa. Lakini kama bado ana mrija kifuani na hewa inatoka kwenye chupa iliyounganishwa na mrija huo, muulize daktari kwanza.

Kutembea na mrija

Mrija wa kifuani si sababu ya kumfunga kitandani. Atembee, mtu mmoja akimbebea chupa chini ya usawa wa kifua. Ikiinuliwa juu, maji yake yanaweza kurudi kifuani. Usiukunje mrija wala usiufunge kwa kamba. Ukichomoka, bana tundu papo hapo kwa kitambaa safi na uite muuguzi.

Mkono na bega

Simama naye karibu na ukuta, atembeze vidole kupanda juu, na uweke alama ya mkaa alipofika. Kesho aipite. Ajichane nywele mwenyewe, avae shati mwenyewe. Aliyekatwa mfupa wa katikati ya kifua asiinuliwe kwa makwapa wala kuvutwa mikono kwa wiki 6 hadi 8: pitisha mkono mmoja chini ya matako na mwingine mgongoni. Asibebe bidoni ya maji, mdogo wake mgongoni wala mkoba mzito mpaka daktari aruhusu. Aliyewekewa chuma cha kuinua kifua kilichobonyea, kwa njia aliyoitangaza daktari Donald Nuss wa Marekani mwaka 1998, asijipinde kiuno wala kulala kwa ubavu wiki za mwanzo. Chuma hicho hukaa miaka 2 hadi 4, kisha hutolewa.

Usimfunge kifua kwa kitambaa cha kubana ili "mbavu zishike". Kinamzuia kupumua, basi.

Kabla ya kurudi nyumbani

Kutoka Kolwezi hadi Mutshatsha ni mbali, na mtaalamu wa mazoezi hatakufuata kijijini. Fanya kila zoezi mbele yake ukiwa bado hospitalini, akukosoe. Nyumbani, bukari peke yake haijengi misuli: ongeza maharage, samaki wakavu, karanga, mayai au viwavi.

Hesabu pumzi za mtoto akiwa ametulia, kwa dakika nzima. Zikifika 50 kwa mtoto wa miezi 2 hadi 11, au 40 kwa wa mwaka 1 hadi 5, anapumua haraka mno. Hatari nyingine ni homa, kidonda kutoa usaha, kifua kuingia ndani anapovuta hewa, au midomo kuwa ya bluu. Ukiona hata moja, usingoje gari la kesho: mpeleke kituo cha afya kilicho karibu, hata kama ni usiku.