Mbwa Asiye na Mwenyewe

Mbwa asiye na mwenyewe huonekana katika kila mji na kila kijiji. Huzurura majalalani akitafuta makombo. Mchana hupigwa mawe, na usiku hulala penye baridi. Kumhurumia mnyama wa namna hii ni jambo jema. Lakini huruma pasipo akili yaweza kuleta msiba nyumbani, hasa penye watoto wadogo. Sikilizeni habari iliyotupata sisi wenyewe.

Wakati wa masika, binti yangu mwenye miaka 11 alimkuta mbwa jike amejikunja chini ya ghala letu, mbavu zake zote zahesabika. Akaniambia, "Baba, nakuomba tumweke." Nikafikiri sana, kwa kuwa alikuwako ndugu yake wa miaka 7, na kitinda mimba wa miaka 3. Mwishowe nikakubali. Nikamwita bwana mifugo, naye akamchoma mbwa sindano ya kumkinga na kichaa, akampa na dawa ya minyoo. Watoto wakamwita Subira.

Bwana mifugo akanionya, "Mwalimu, hatujui mnyama huyu alikotoka, wala mambo yaliyompata. Aliyezoea njaa hulinda sana chakula chake. Mpe mahali pake pa kulala, na pa kulia peke yake, wala usimwache na watoto pasipo mtu mzima, hata akionekana mpole." Nikaitikia, lakini sikuyashika maneno yake. Juma la kwanza lilipopita kwa amani, nikadhani hatari nayo imepita.

Jioni moja tulipokuwa tukila, mama yao akamwuliza mwana wetu, "Mwanangu, tangu lini wala kwa mkono wa kushoto?" Mtoto akanyamaza, machozi yakimlengalenga. Tukaukunjua mkono wake wa kuume, tukaona alama za meno. Kumbe, alitaka kumnyang'anya Subira mfupa kwa mchezo. Mbwa akanguruma, naye akacheka. Ndipo mbwa alipomwuma. Akalificha jeraha, akiogopa tusije tukamfukuza rafiki yake.

Mara tukaliosha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka, muda wa dakika 15, na usiku ule ule tukampeleka hospitali, akaanza kuchomwa sindano. Mganga akatueleza kwamba kichaa cha mbwa huambukizwa kwa mate ya mnyama mgonjwa, kisha hupanda polepole katika mishipa ya fahamu hata kufika ubongoni. Dalili zikiisha kuonekana, ni vigumu mno mtu kupona. Bali sindano zikichomwa mapema huuzuia ugonjwa. Mwaka 1885, huko Ufaransa, Louis Pasteur alimtibu kwa chanjo Joseph Meister, mtoto wa miaka 9 aliyeumwa na mbwa mwenye kichaa. Na mtoto yule akaishi.

Nikauliza, "Je, mbwa wetu si amekwisha kuchomwa sindano?" Akajibu, "Sindano ya juzi haimponyi mbwa aliyekwisha kuambukizwa. Mfungeni, mkamwangalie siku 10, na mtoto aendelee na sindano zake. Mbwa akiwa mzima hata siku ya 10, mtajua ya kuwa siku ile aliyouma mate yake hayakuwa na ugonjwa."

Siku zile 10 zilikuwa ndefu. Majirani walinishauri nimwue. Mimi mwenyewe nilimpelekea chakula, nikikisukuma kwa fimbo ndefu. Binti yangu alisimama mbali kila asubuhi, akaniuliza neno moja tu, "Baba, amekula?" Siku ya 10 Subira alikuwa mzima.

Hatukumwua. Kwani kosa lilikuwa la nani? Mbwa alinguruma, na kunguruma ndiyo lugha yake ya kusema, "Niache." Mtoto hakuijua lugha ile, kwa sababu mimi babaye sikumfundisha. Basi tukaweka sheria hizi, nanyi mzishike:

1. Usimsumbue mbwa anapokula, anapolala, au anaponyonyesha watoto wake.
2. Usimkumbatie shingoni, wala usimvute mkia. Mwache akujie mwenyewe.
3. Mbwa akikaza mwili, au akigeuza uso, au akinguruma, ondoka polepole, usikimbie.
4. Mtoto mdogo asiachwe peke yake na mbwa, hata kwa dakika moja.
5. Ukiona mbwa asiye na mwenyewe, usimshike. Kamwite mtu mzima.
6. Mbwa achomwe sindano ya kichaa kila wakati wake ufikapo.
7. Ukiumwa au ukikwaruzwa na mbwa, sema saa ile ile. Mficha maradhi, kifo humuumbua.

Sasa Subira ana kibanda chake nyuma ya jiko, na hapo hula peke yake. Yule kijana aliyeumwa ndiye anayewazuia watoto wa jirani akisema, "Ngojeni kwanza, anakula."

MASWALI

1. Kwa nini mbwa aliyezoea njaa hukilinda sana chakula chake?
2. Mwalimu alikosa nini baada ya juma la kwanza?
3. Mama alijuaje ya kuwa mtoto ameumia?
4. Kwa nini mtoto alichomwa sindano ingawa mbwa alikuwa amekwisha kuchomwa yake?
5. Kama ungalikuwa wewe ndiye mwalimu, ungalimwua Subira? Toa sababu zako.