Maumivu ya Kiuno kwa Mkimbiaji: Kipi Ununue, Kipi Uache

Mkimbiaji wa Tunduma hutoka alfajiri, kabla malori hayajajipanga kuelekea mpakani. Siku moja anainama kufunga kamba za viatu, na kiuno kinakataa kunyooka. Kufikia jioni amekwisha kushauriwa kununua vidonge, sindano, mkanda na dawa ya kuchua. Katika somo hili tunaeleza kipi kinastahili fedha yake, na namna ya kurejea mbioni kwa usalama.

1. Tambua dalili za hatari

Maumivu mengi ya kiuno hutokana na kukazika kwa misuli na viungo vya mgongo, na hupungua sana ndani ya wiki chache. Hata hivyo, nenda hospitali siku hiyo hiyo ikiwa umeshindwa kuzuia haja au kukojoa, umepata ganzi sehemu za siri, au mguu unapoteza nguvu. Usichelewe pia ikiwa maumivu yameambatana na homa, kupungua uzito bila sababu, au yamefuata ajali. Hospitali ya Rufaa ya Mkoa wa Songwe ipo Vwawa. Pasipo dalili hizo, picha ya eksirei kwa kawaida haihitajiki mwanzoni.

2. Usilale kitandani

Acha kukimbia, lakini usiache kutembea. Kulala siku nyingi hudhoofisha misuli na kurefusha ugonjwa. Tembea kidogo kidogo mara kadhaa kwa siku, na usikae kitako muda mrefu bila kuinuka.

3. Dawa: nunua kwa uangalifu

Diklofenaki na ibuprofeni hutuliza maumivu, lakini ni dawa za kundi moja, usizimeze pamoja. Zinaweza kusababisha vidonda vya tumbo na kudhuru figo, hasa kwa mkimbiaji aliyepungukiwa maji mwilini. Mjamzito, na mwenye vidonda vya tumbo, shinikizo la damu au ugonjwa wa figo, amwone mtaalamu kwanza. Usimeze kidonge ili upate kukimbia: maumivu yaliyofichwa hayajapona.

Nunua katika famasi au duka la dawa muhimu lenye kibali, si kwa mchuuzi wa stendi au mpakani. Kagua tarehe ya mwisho wa matumizi, dai risiti, na uhifadhi pakiti. Ukitilia shaka ubora wa dawa, pakiti hiyo ndiyo ushahidi wako mbele ya Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba (TMDA).

4. Mkanda wa kiuno

Katika mwongozo wake wa Desemba 2023 kuhusu maumivu sugu ya kiuno, Shirika la Afya Duniani halikupendekeza mikanda ya kiuno. Lilipendekeza elimu kwa mgonjwa na mazoezi. Muuzaji akikuahidi kwamba mkanda “unaponya diski”, mwombe aandike ahadi hiyo kwenye risiti.

5. Kurejea mbioni

Ukiweza kutembea dakika 30 bila maumivu kuongezeka, anza kukimbia dakika 1 na kutembea dakika 2, mara 8, siku moja baada ya nyingine. Maumivu madogo yanayotoweka kufikia asubuhi yanavumilika. Yakizidi, rudi hatua moja nyuma. Anza kwenye njia tambarare, na uache milima kwa wiki za mwisho. Imarisha misuli ya tumbo, matako na mgongo mara mbili au tatu kwa wiki. Wiki sita zikipita bila nafuu, omba rufaa kwa mtaalamu wa fiziotherapia.

Tunamheshimu John Stephen Akhwari, aliyemaliza marathoni ya Olimpiki ya Mexico mwaka 1968 akiwa na goti lililoumia. Lakini ile ilikuwa Olimpiki. Mazoezi ya Jumanne hayadai sadaka hiyo.

Maswali ya kujipima

1. Ni dalili zipi zinakupeleka hospitali siku hiyo hiyo?
2. Kwa nini usimeze diklofenaki pamoja na ibuprofeni?
3. Je, risiti na pakiti ya dawa uliyonunua mwisho viko wapi?