KIZURI CHAJIUZA: JINSI YA KUCHAGUA REDIO YA SEBULENI

Wahenga hawakukosea waliponena kwamba kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Nenda Luthuli Avenue kule Nairobi, au hata kwenye duka la redio la mtaani kwenu, utaona spika zimewekwa mlangoni zikinguruma mpaka vioo vinatetemeka. Mpita njia husimama, akatazama taa za rangi rangi, akasoma kwenye boksi "WATI 3000", akaamini. Mwezi ukiisha mziki unakwaruza, na zile pesa ambazo mama alingoja zamu yake ya chama mwaka mzima zimekwenda na maji.

Nimeandika somo hili kwa sababu siku hizi wazazi hututegemea sisi vijana. Utasikia baba anasema, "Wewe ndiye unajua mambo ya mziki, twende unichagulie." Basi hebu tujue tunachagua nini.

1. Stirio ni nini?

Mwanadamu ana masikio mawili, ndiyo maana hata akifumba macho anajua mlango uliogongwa uko upande gani. Mhandisi Mwingereza kwa jina Alan Blumlein alitumia siri hiyo. Mwaka 1931 aliomba kusajiliwa uvumbuzi wake wa kunasa sauti kwa njia mbili, ya kulia na ya kushoto. Mwaka 1958 kampuni kubwa za Marekani na Uingereza zilikuwa zikiuza santuri za stirio kwa watu wote.

Kwa hivyo stirio haimaanishi redio kubwa. Maana yake ni spika mbili, kila moja ikitoa sehemu yake. Kile kijiboksi cha bluetooth chenye spika moja, hata kikipiga kelele namna gani, si stirio.

2. Soma nyuma, si mbele

Hapa ndipo watu wengi huchezewa shere. Mbele ya boksi pameandikwa wati 3000 za PMPO. Hiyo PMPO ni nguvu ya kitambo kidogo mno, na kila kampuni huihesabu ipendavyo. Wati za kuaminika ni zile zinazoitwa RMS, yaani nguvu ambayo mashine inaweza kutoa mfululizo bila kuchoka.

Kama hukuziona wati za RMS, geuza mashine utazame kibandiko kilicho nyuma, karibu na waya wa stima. Tuseme kimeandikwa volti 240, wati 60. Ukigawanya 60 kwa 240 unapata ampea 0.25. Huo ndio mkondo wote unaoingia. Si tulifundishwa kwenye fizikia kwamba nishati haiumbwi? Mashine inayokula wati 60 itatoaje wati 3000 mfululizo? Tena sehemu ya hizo 60 hupotea kama joto. Mbele ni matangazo, nyuma ndiko kwenye ukweli.

Lakini usivunjike moyo. Spika nyingi za nyumbani zikipewa wati moja tu hutoa kama desibeli 85 hivi ukiwa umbali wa mita moja. Ukiongeza wati mara mbili, sauti hupanda desibeli 3 peke yake. Ili sikio liseme "sasa imekuwa mara mbili", unahitaji wati kama mara kumi. Sebule ya kawaida, basi, inatosheka na wati 20 au 30 za kweli kila upande.

Jambo lingine la kusoma nyuma ni omu. Kama mashine inataka spika za omu 8, usikubali rafiki akuunganishie spika nne mbili mbili kwa sambamba. Omu 8 mbili kwa sambamba huwa omu 4, mkondo unazidi, mashine inapata moto na mwisho inaungua.

3. Chumba nacho ni sehemu ya redio

Nyumba yenye sakafu ya simiti na mabati yasiyo na dari hurudisha sauti kama bonde. Maneno ya wimbo huchanganyika, halafu mtu hudhani redio ni mbaya. Kabla ya kutafuta wati zaidi, weka pazia nzito, zulia, au hata vitambaa vya makochi. Vitu hivyo hunyonya mwangwi.

Pia wengi huweka spika zote mbili pamoja kando ya televisheni. Hapo umeua stirio kwa mkono wako. Zitenganishe kama mita mbili, nawe uketi kama mita mbili kutoka kwa kila moja, ziwe sawa na masikio ya mtu aliyeketi. Wufa waweza kuiweka popote, maana sikio halitambui vizuri besi nzito inatoka wapi. Ila ukiisukuma kwenye pembe ya chumba besi huongezeka, na mara nyingi hufunika sauti ya mwimbaji.

4. Ukifika dukani

(a) Beba wimbo unaoujua vizuri, usikubali ule wa muuzaji.
(b) Mwambie apunguze sauti. Sauti ikiwa juu, sikio husikia besi kwa urahisi zaidi na kila mashine huonekana tamu. Linganisha mashine mbili zikiwa na sauti iliyo sawa.
(c) Sikiliza maneno. Yasiposikika vizuri kwa sauti ya chini, hayatasikika vizuri kwa sauti ya juu.
(d) Simamisha wimbo halafu pandisha sauti. Ukisikia mvumo mkubwa, iache.
(e) Dai risiti na dhamana iliyoandikwa. Maneno matupu hayarudishi pesa.

5. Masikio na majirani

Sauti nzuri isiwe adhabu. Wataalamu wa afya kazini husema desibeli 85 zisipite saa 8 kwa siku, na kila zikiongezeka 3, muda hupungua nusu. Kwa desibeli 91, basi, mwisho ni saa 2. Sikio likiharibika kwa kelele halina fundi. Na kwa wale tunaoishi kwenye ploti za ukuta mmoja, tukumbuke kwamba kanuni za kelele hapa Kenya huruhusu kelele kidogo zaidi usiku kuliko mchana. Huenda mtoto wa jirani anajiandaa kwa mtihani.

Wanafunzi wenzangu, mkitumwa dukani msione haya kugeuza mashine na kusoma kibandiko, hata muuzaji akinuna. Pesa ni za wazazi, na jasho lao ni karo yetu pia. Debe tupu haliachi kuvuma, lakini nani anataka kukaa na debe sebuleni?

ZOEZI
1. Redio imeandikwa nyuma volti 240, wati 48. Inatumia mkondo wa ampea ngapi?
2. Nyumbani kwenu spika ziko wapi? Chora sebule, kisha uonyeshe mahali zinapofaa.
3. Eleza methali hii kwa kutumia mfano wa dukani: Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza.