Sukari ya Miezi Mitatu kwa Mwenye Siko Seli

Karatasi ya maabara inasema HbA1c yako ni asilimia 5.4, kwa hiyo huna kisukari. Lakini nyumbani, kabla hujagusa chai, kimashine cha kutoboa kidole kimeonyesha 9.8 mmol/L asubuhi tatu mfululizo, na usiku unaamka mara nne kwenda kukojoa. Ndugu msomaji, kama una siko seli, usikubali karatasi hiyo ikutulize.

HbA1c, ambayo wengi huiita sukari ya miezi mitatu, hupima sukari iliyonata kwenye himoglobini, ile protini inayobeba oksijeni na kuifanya damu iwe nyekundu. Chembe nyekundu inayoibeba himoglobini hiyo huishi siku 120 hivi, na kadiri inavyokaa mwilini ndivyo sukari inavyozidi kuinata.

Himoglobini ya mwenye siko seli, yaani aina ya S, ina hitilafu ndogo sana, lakini inatosha kuifanya chembe ijikunje kama mundu na kufa mapema, mara nyingi ndani ya siku 10 hadi 20. Inakufa kabla haijashika sukari ya kutosha, basi jibu linatoka chini huku sukari yenyewe iko juu. Tena akiwa ameongezewa damu karibuni, sehemu ya kinachopimwa ni himoglobini ya aliyemchangia! Sisi tunaona jibu la namna hii ni la hatari kuliko kukosa jibu kabisa, maana mgonjwa anarudi nyumbani ametulia, na macho na figo vinaendelea kuumia.

Aliyerithi S kwa mzazi mmoja tu, yaani AS, chembe zake huishi karibu sawa na za wengine. Kwake tofauti huwa ndogo na hutegemea mashine iliyotumika, ila naye amwambie mpimaji.

Mwenye siko seli apimwe sukari yenyewe, damu itoke mshipani, asubuhi, baada ya kukaa angalau saa nane bila kula. Ikifika 7.0 mmol/L au zaidi, na kipimo kikirudiwa siku nyingine kikatoa jibu hilohilo, hicho ni kisukari. Kufuatilia matibabu kipo kipimo cha fruktosamini, kinachoonyesha wiki mbili hadi tatu zilizopita.

Kabla sindano haijaingia, mwambie mpimaji: "Nina siko seli." Na dawa za sukari usiziache kwa ajili ya HbA1c nzuri kabla hujaonana na daktari.