Mchoro wa mteja na akili mnemba: maswali kutoka Tabora hadi Kasulu

Maswali haya yameulizwa na watu wanaofanya kazi ya kusikiliza wenzao katika mikoa ya Tabora na Kigoma, Tanzania. Anayejibu ni mshauri nasaha anayetumia uchoraji kazini.

Shikamoo mtaalamu. Simu yangu ina programu inayochora ukiiandikia maneno. Niitumie badala ya krayoni? (Mshauri nasaha, Tabora mjini)

Marahaba. Badala ya krayoni, hapana. Adrian Hill, mchoraji wa Uingereza aliyebuni jina "tiba ya sanaa" mwaka 1942, alianzia kwake mwenyewe: alikuwa anauguzwa kifua kikuu, akawa anachora. Nafuu imo katika kukandamiza mkaa mpaka uvunjike, kufuta, kuchana karatasi na kuanza tena, mbele ya mtu asiyekucheka. Programu inakupa picha safi kabla hujajua unahisi nini.

Lakini yupo aliyepooza mkono, na yupo mtu mzima anayesema "mimi sijui kuchora" na penseli hataki hata kuigusa. Hao waache waiagize mashine. Kisha uliza: hapa pamekosewa nini? Mara nyingi ndipo mazungumzo yanapoanza. "Hapana, nyumba yetu haikuwa na madirisha hayo. Mama alikuwa anakaa upande huu." Kaichapishe picha steshenari, mpe kalamu nene, aisahihishe mwenyewe. Kufikia hapo, mkono umeshaingia kazini bila kuombwa.

Nimesikia programu inaweza kusoma mchoro wa mtoto ikasema ana tatizo gani. Ni kweli? (Mwalimu wa malezi, Urambo)

Itakupa jibu, tena kwa lugha ya kujiamini. Usilifuate.

Chukua nyoka. Mwaka 1953 mtafiti Hans Cory alichapisha kitabu kizima kuhusu michoro ya ukutani ya vyama vya wacheza nyoka wa huku kwetu, Usukuma na Unyamwezi. Kwao nyoka alikuwa elimu na kazi. Ukifungua vitabu vya wafuasi wa Freud, mwasisi wa uchambuzi nafsi, nyoka huyohuyo ni tamaa au hofu iliyofichwa. Sasa mtoto wa Urambo amechora nyoka: huenda ameona ngoma ya nyoka, huenda nusura amkanyage kwenye shamba la tumbaku, huenda nyumbani kuna mtu ambaye mtoto huyo anamwogopa. Mashine imefunzwa kwa picha na maandishi ya mtandaoni, sehemu kubwa ya Kiingereza. Haijui ni lipi kati ya hayo. Wewe pia hujui, ila unaweza kumuuliza: "Huyu anakwenda wapi?" Halafu nyamaza. Walimu hupenda kujibu maswali yao wenyewe.

Nahudumia watoto katika kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu. Naweza kupiga picha michoro yao, niiweke kwenye programu iniandikie ripoti? (Ofisa ustawi wa jamii, Kasulu)

Usifanye hivyo. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inazihesabu taarifa za watoto na za afya kuwa nyeti, na kuzisafirisha nje ya nchi kuna masharti yake. Programu nyingi za aina hii hupeleka picha kwenye kompyuta zilizo ng'ambo.

Na utazame karatasi yenyewe. Watoto huandika majina pembeni. Mtoto aliyekimbia Kongo au Burundi anaweza kuchora sare, barabara, gari, na jina la kijiji chini yake. Huo ni ushahidi, na unaweza kumponza ndugu aliyebaki kule. Ufungie kabatini.

Mashine ipe kazi isiyo na mtu ndani yake: ikupangie mazoezi ya wiki, au ikuandalie rasimu ya maelekezo ya Kirundi, kisha Mrundi ayapitie.

Bando likiisha je?

Mkaa, udongo mwekundu na karatasi ya mfuko wa saruji vinatosha kabisa.

Kijana amekuja na picha aliyokwisha kutengeneza kwa simu. Niikatae? (Mshauri nasaha, Nzega)

Ipokee, ni yake. Ila usiishie kuisifia. Mwombe akuonyeshe maneno aliyoiandikia mashine, la kwanza hadi la mwisho, na akuambie lipi alilifuta na kwa nini. Kijana anaweza kuandika "baba", akafuta, akaweka "mtu". Kikao chenu kianzie hapo.